Siku Tisini za Nyayo

Mambo yalianza na giga nne ambazo hazikuwa na mwenyewe.

Kila asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba chini, Daftari alifungua ukurasa wa diski na kuandika tarakimu moja kwenye jedwali lake: tangu jana nyayo zimeongezeka kwa kiasi gani. Nyayo ndilo jina ambalo watu wa kompyuta pale hospitalini waliipa kumbukumbu ya ukaguzi, ile mistari inayoandikwa na mfumo wenyewe kila mtu anapogusa faili la mgonjwa: nani kafungua, saa ngapi, kwa kompyuta ipi, kabadilisha nini na kilikuwaje kabla. Kwa miaka sita nyayo zilikua giga mbili kwa siku, hazipungui wala hazizidi sana. Daftari aliijua hesabu hiyo kama alivyojua mwendo wa mumewe akipanda ngazi. Ndiyo maana wenzake walimbandika jina hilo, na la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Jumatatu hiyo zilikuwa zimeongezeka giga sita. Jana yake ilikuwa Jumapili, kliniki zimefungwa, wodini watu ni wale wale. Akahakiki mara mbili, akaizungushia ile sita duara, akaenda kwa bosi wake akiwa tayari amekasirika, maana jibu alilijua.

Bosi wake, mkuu wa kitengo, kwa siri walimwita Baadaye. Mara tatu Daftari alimwandikia ombi la diski, na mara tatu akamwekea hesabu ambayo hata mtoto wa shule angeielewa: utaratibu unataka nyayo zitunzwe miaka saba, kwa siku ni giga mbili, jumla ni giga elfu tano na ushee, na diski zilizopo hazifiki hapo. Mara tatu akaambiwa tutaangalia baadaye. Kisha, wiki kumi zilizopita, yule yule ambaye hakuwahi kufanya jambo leo akafanya jambo ndani ya siku moja. Alitoa waraka kwamba nyayo sasa zitatunzwa siku tisini tu. Diski kubwa akazing'oa na kuzipeleka kwenye kamera za korido, akabakiza moja ya giga mia tatu.

Daftari alibisha. Alibisha kwa mdomo, akabisha kwa barua, halafu akabonyeza kitufe. Miaka sita ya nyayo ikafutika mchana mmoja wakati watu wako kantini, naye akarudi nyumbani akagombana na kila mtu mpaka mtoto wake wa mwisho akamuuliza kama anaumwa.

"Giga sita?" Baadaye alisema bila kuinua macho. "Itakuwa kuna mtu anatengeneza ripoti. Dada yangu, unazitafuta sana hizi hesabu zako. Tutaangalia baadaye."

Jumanne zilikuwa giga kumi.

Sasa Daftari akaacha kuomba ruhusa. Akafunga mlango wa ofisi, akaanza kuisoma mistari yenyewe, na hakuhitaji kusoma mingi kwa sababu yote ilikuwa mstari ule ule mmoja. Ilianza saa sita na dakika hamsini mchana wa Jumapili, dakika kumi kabla ya zoezi la kufuta, ambalo walikuwa wamelipanga kila siku saa saba. Faili lile lile lilifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa, maelfu kwa maelfu ya mara, haraka kuliko vidole vya mtu yeyote. Kwenye safu ya kompyuta palikuwa patupu. Kwenye safu ya aliyefungua, mahali ambapo hukaa jina la daktari au muuguzi, palikuwa na namba ya faili. Namba ya faili hilo hilo.

Alifungua faili. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, mimba ya kwanza, kajifungua mtoto wa kike, kafariki alfajiri kwa kutokwa na damu. Maelezo ya usiku ule yalikuwa mstari mmoja: mgonjwa alishauriwa upasuaji, akakataa.

Daftari alimjua huyu, si kwa sura bali kwa mama yake. Kila Alhamisi bibi mmoja mfupi alikuja kukaa kwenye benchi la mapokezi na kichanga mgongoni, akisubiri kuonana na mtu yeyote atakayemweleza mwanawe alikufaje. Wafanyakazi walimwita bibi wa benchi. Walimpa maji, wakampisha kwenye foleni ya choo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfungulia faili. Sasa Daftari alihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Tangu mkono wa mtu ulipoligusa faili lile mara ya mwisho hadi Jumapili ile zilikuwa siku tisini kamili.

Na hapo akaelewa jambo lililomfanya acheke kidogo, kicheko cha hasira. Waraka wa Baadaye haukusema futa nyayo zote zenye umri wa siku tisini. Baadaye aliuandika mbio mbio, akasema futa nyayo za faili lolote lisiloguswa kwa siku tisini, na Daftari, kwa ukaidi, aliuingiza kwenye mfumo vile vile ulivyoandikwa. Faili likiguswa, hata kidogo, nyayo zake zote zinabaki. Aliyekuwa analigusa faili hili aliujua utaratibu wao vizuri kuliko aliyeutunga, na alisubiri mpaka dakika kumi za mwisho.

Saa saba kasorobo alikwenda chumba cha seva. Kilikuwa mwisho wa korido ya chini, hakina dirisha, kiyoyozi kinaunguruma mwaka mzima na taa hazizimwi, kwa hiyo humo ndani hakuna mchana wala usiku. Alisimama kati ya makabati mawili ya mashine. Mwanzoni alisikia feni tu. Kisha, chini ya feni, akasikia kibodi ikibonyezwa, nayo ile kibodi pekee ya chumba kile ilikuwa mbele ya macho yake, juu ya meza, imefunikwa plastiki na haitikisiki, na kadiri mlio ule ulivyokuwa ukikaza mwendo ndivyo baridi ya kiyoyozi ilivyozidi kuwa nzito mgongoni mwake, ikaja na harufu ambayo hakuitambua mpaka ilipomjaa kooni, harufu ya maziwa ya mama yaliyolowa kwenye nguo na kukaukia humo, maziwa yaliyochacha kwa kukosa wa kunyonya, na ndani ya harufu hiyo palikuwa na nyingine ya chuma, ya damu nyingi, akajua bila kugeuka kwamba nyuma yake mtu amesimama karibu sana, anatweta kama mtu aliyepanda ngazi nyingi, wala hakuwa anamwangalia yeye, alikuwa anaiangalia mashine.

Hakukimbia. Saa saba na robo mlio ulikoma, harufu ikapungua, naye akatoka akitembea kwa kushika ukuta. Uani alikaa kwenye tofali. Aliogopa, hilo halina ubishi. Lakini zaidi alikuwa na hasira ambayo bado haikujua imwangukie nani.

Jumatano giga zilikuwa kumi na nane. Kila siku ziada ilijizidisha mara mbili, na Daftari akampigia Baadaye hesabu kwenye karatasi: leo zitaingia thelathini na mbili, kesho sitini na nne, na kesho hiyo Alhamisi, saa saba na dakika chache, diski itajaa. Mfumo ule ulikuwa na sharti moja. Ukishindwa kuandika unyayo, haufungui faili la mtu. Wodi zote zingepofuka kwa mpigo mmoja, muuguzi asijue dawa wala kundi la damu.

Baadaye aliisoma karatasi ile mara mbili. Alipoona namba ya faili, uso wake ulibadilika, akainuka kwenda chumba cha seva peke yake. Dakika mbili hazikutimia. Alirudi shati limeganda kwa jasho, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akasema neno sasa hivi.

Alichokifanya sasa hivi ni kuleta mganga. Saa saba ikikaribia alimwingiza kwa mlango wa nyuma akiwa amevaa ovaroli ya fundi wa viyoyozi, kubwa kwake, mikono imekunjwa mara nne. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na hasira zake, akilalamika kwamba hajawahi kufichwa namna hii hata na wake za watu wanaomwita kwa siri. Alimrudisha Baadaye mlangoni asubiri nje, akaingia na Daftari, akasimama katikati ya chumba bila ubani wala maneno, akasikiliza kibodi isiyoonekana kwa muda mrefu. Harufu ilipopanda, alivua miwani akaifuta. Daftari aliona macho yake yamelowa.

"Hapa mimi sina kazi," alimwambia Baadaye kwenye korido, sauti ya chini. "Jini unalifukuza kwa sababu limeingia pasipo pake. Huyu yuko kwake. Anasoma habari zake mwenyewe, na anataka zisomwe."

Baadaye alinong'ona kwamba lazima kuwe na njia ya kumfunga.

"Ipo. Msomeeni mwenye haki ya kusikia. Na wewe, baba, usiingie tena humo ndani. Ulipopita mlangoni aliacha kuandika."

Mganga akaondoka na ovaroli yao.

Daftari alirudi mezani, akafanya ambalo angelifanya tangu Jumanne kama asingekuwa anaogopa jibu. Alipanda juu ya malaki yale ya mistari mpaka nyayo za kwanza kabisa za faili. Zilikuwa za muuguzi wa zamu. Saa tatu usiku, mgonjwa anatoka damu, daktari ameitwa. Saa nne, daktari ameitwa tena. Saa sita, daktari ameitwa tena, hajafika. Saa nane, hajafika. Saa kumi, mgonjwa anamuulizia mtoto. Kisha siku mbili baada ya kifo, kwa mkono mmoja, saa moja jioni, mistari yote mitano ikafutwa na kuwekwa ule mmoja: alishauriwa upasuaji, akakataa. Daktari wa zamu usiku ule alikuwa mdogo wake Baadaye, tumbo moja.

Na aliyebadilisha, kwa mujibu wa safu ya majina, alikuwa Daftari.

Aliangalia jina lake mpaka macho yakamuuma. Wiki ile hakuwa kazini, alikuwa anamuuguza mama yake. Baadaye alimpigia simu jioni akasema mfumo umekwama, naomba neno lako la siri dakika mbili tu, dada yangu, nitakurudishia. Naye, aliyewafokea watu wangapi kuhusu maneno ya siri, alilitaja herufi moja moja huku akikoroga uji wa mgonjwa. Sasa hasira ikapata pa kuangukia, na sehemu kubwa ilimwangukia mwenyewe. Safu ya kompyuta ndiyo haikuwa na jina lake. Ilitaja mashine iliyoko mezani kwa Baadaye.

Alimfuata ofisini kwake, akafunga mlango na kumwekea mstari ule mbele.

"Futa," Baadaye alisema. Sauti haikuwa ya kuamrisha, ilikuwa ya kuomba. "Faili hilo moja tu. Diski itapumua, hospitali itaendelea. Kesho kuna watu mia nne wamelala humu ndani, hao huwaonei huruma?"

"Wewe ndiye uliyeng'oa diski."

"Sikiliza, dada. Jina lililoandikwa hapo ni lako. Ukitoa karatasi hiyo unajifunga mwenyewe, mimi nitasema sijui kitu. Una watoto. Marehemu hana anachopoteza."

Daftari alitaka kumtukana na matusi yakamjaa mdomoni mpaka yakagombania mlango, asitoe hata moja. Alichukua karatasi yake akatoka. Usiku hakumwambia mumewe chochote. Alilala macho wazi, akihesabu giga.

Alhamisi saa sita mchana bibi wa benchi alikuwa mahali pake. Daftari alikwenda akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nitaonana na mtu?"

"Leo utaonana na mimi. Nina maneno ya mwanao, na kuna baya langu ndani yake. Nitakusomea yote."

Hakumsomea pale. Hata yeye hakujua kwa nini, ila alimshika mkono bibi yule, na kichanga chake cha miezi mitatu kikilia njaa mgongoni, akampeleka korido ya chini. Baadaye aliwaona wakipita, akawafuata akisema jamani, jamani, kwa sauti ndogo, na alipofika mlango wa seva akasimama hapo hapo, hakuthubutu kuvuka kizingiti.

Ndani ilikuwa imeshaanza. Mlio wa vitufe ulikuwa umekuwa mvua juu ya bati, taa za diski zinawaka nyekundu moja baada ya nyingine, kwenye kioo nafasi iliyobaki inashuka giga kwa giga, arobaini, thelathini na tano, thelathini, na ile harufu ya maziwa ilikuwa nzito kiasi kwamba bibi alishika ukuta akasema kwa kunong'ona, huyu ni mwanangu, huyu ni mwanangu kabisa, na kichanga, ambacho kilikuwa kinalia tangu mapokezi, kikanyamaza ghafla, kikageuza shingo yake laini kuelekea pale kati ya makabati mawili ambapo hapakuwa na mtu, kikafumbua mdomo, na kuanza kunyonya hewa.

Daftari alisoma. Alisoma kwa sauti ya juu ili ipite mlio ule: saa tatu ameitwa, saa nne ameitwa, saa sita ameitwa, hajafika. Saa nane, hajafika. Alipofika saa kumi, mgonjwa anamuulizia mtoto, sauti ilimkatika akairudia. Akasoma uongo uliowekwa juu yake. Akasoma jina lake mwenyewe, akasema hili neno la siri nililitoa mimi, na akasoma jina la kompyuta, akamnyooshea kidole mwenye kompyuta aliyesimama mlangoni.

Vitufe vikanyamaza. Nafasi iliyobaki ilisimama kwenye giga tatu.

Bibi hakulia. Alimtazama Baadaye kwa muda mrefu, mtazamo wa mtu anayetaka kukumbuka sura, kisha akasema jambo moja tu.

"Siku tisini nimekaa kwenye benchi, baba, ukinipita unanisalimia."

Kichanga kilianza kulia tena, na harufu ilikuwa imeondoka.

Karatasi ile ilifika kunakohusika, bibi mwenyewe aliipeleka. Baadaye na mdogo wake waliondolewa na kesi yao ikaanza. Daftari alipewa barua kali ya onyo kwa kutoa neno la siri, akaisaini bila kujitetea, akaibandika ukutani. Diski zilirudishwa kutoka kwenye kamera. Muda wa kutunza nyayo ukarudi miaka saba, giga mbili kwa siku, na kwa wiki tano Daftari alilala vizuri.

Wiki ya sita, Jumatatu, zilikuwa giga tatu.

Aliangalia akiwa amesimama, mkoba begani. Lilikuwa faili la mzee mmoja aliyekufa miaka miwili nyuma. Jumanne yalikuwa mafaili kumi na moja. Jumatano mia na ushee, watu wazima, watoto, wote wa namba zilizokwishafungwa kwa kifo, kila mmoja kaandikwa kwa namba yake mwenyewe. Walikuwa wanafungua mafaili yao na kutafuta nyayo za saa zao za mwisho, nani aliitwa, nani hakuja, nani alibadilisha nini. Wanakuta patupu. Hawa hapakuwa na kitu cha kuwasomea. Nyayo zao zilikuwa ndani ya ile miaka sita, na miaka sita haikufutwa na Baadaye, yeye aliandika waraka tu.

Safari hii safu ya kompyuta haikuwa tupu. Kila mstari ulitaja mashine ya mezani kwa Daftari.

Alikaa kwenye kiti chake, kiti kina joto ingawa alikuwa hajakikalia tangu asubuhi. Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika kumi. Ofisi ilikuwa na jua, wenzake wako kantini, na katikati ya jua hilo harufu zilianza kuja, si ya maziwa peke yake, dawa za vidonda, mkojo wa wazee, homa, nywele za watoto zilizolowa jasho, zikamzunguka mabega kwa pande zote kama watu wanaosogea kusoma kitu kimoja. Alifungua fomu ya ombi la diski. Kwenye sababu ya ongezeko aliandika watumiaji wapya. Kwenye muda wa kutunza, mahali alipozoea kuandika miaka saba, aliandika mpaka watosheke.

Kisha akaondoa mikono yake kwenye kibodi, na vitufe vikaendelea kubonyea.